Nok Ofu

Siku ya kwanza kiwandani, Stoke,
Glenys Bloor alinifunga aproni kwa nyuma
kama anayemwandaa mwanawe kwenda chuoni,
akasema: Saa kumi tunanok ofu, bata.
Bata ni mimi. Huku bata ni mpenzi, ni jirani, ni dereva wa basi.
Hilo nililimeza mapema.
Lile jingine ndilo lililonikwama.

Nok ni kugonga, nilifundishwa Lindi,
mwalimu Mnali akigonga dawati kwa kifundo cha kidole.
Ofu ni kutoka, kuzima, kuwa mbali.
Basi tunagonga nini kitoke?
Mbele yangu vikombe mia mbili, vimetoka tanuuni,
vyeupe pe, kila kimoja na mkono wake.
King'ora kikalia. Wenzangu wakatundika aproni.
Nikachukua cha mwisho, nikakigonga ukingoni mwa meza,
mkono ukatoka.
Glenys akautazama mkono, akanitazama mimi,
akacheka mpaka akaketi juu ya ndoo.

Kumbe ni kwenda nyumbani.

Jumamosi, sokoni Hanley, mwanamume
mwenye saa saba kwenye mkono mmoja
akaninong'oneza: Hii ni nok ofu, bata, lakini inakwenda.
Nikamwuliza, imemaliza zamu?
Akadhani nabana bei. Akaninokia ofu pauni mbili.
Ikafa Jumanne.

Clive, shemeji yake Glenys, alileta televisheni
usiku, imefunikwa blanketi la mtoto.
Ilinokwa ofu, alisema, na mtu asiulize wapi.
Ndani ya televisheni hiyo hiyo bibi mmoja tajiri
akanokwa ofu na mpwawe, kisa nyumba.
Nikasema afadhali, apumzike.
Naam. Alipumzika.

Na kwenye basi la Longton, mama
aliyelowa mpaka mifupa,
watoto watatu wanavutana nywele,
akapaza sauti: Nok iti ofu!
Wakanyamaza. Nami nikanyamaza,
na sikuwa nimesema neno.

Nikamwambia Glenys: vitenzi vyenu vina mkia.
Kichwa nakijua, mkia ndio unaonichapa.
Alikuwa anamenya chungwa. Kwenu je?

Nikaanza na piga.
Tunapiga simu, pasi, deki, mswaki, kura.
Tunapiga chafya, magoti, hodi, porojo.
Njaa inapiga, baridi inapiga,
jua likipiga sana wengine wanapiga maji,
hapo nikasita, maana kupiga maji si kunywa maji.
Akasema: Mnapigana sana huko.
Nikamjibu, hata moyo
tunaupiga konde ndipo usimame.
Akaliweka chungwa chini. Akataka nirudie.
Akaliandika nyuma ya kadi ya zamu, na mengine chini yake.
Nikamwonya: nasi mkia tunao.
Kwenye simu hunipigi, unanipigia.
Herufi moja hiyo ukiisahau
ni kesi ya polisi.

Novemba wakazima tanuu. Gesi imepanda, walisema.
Siku ya mwisho king'ora kililia saa kumi kama kawaida.
Hakuna aliyetundika aproni.
Glenys alifuta meza aliyokwisha kuifuta,
akaifuta tena.
Ndiye wa kulisema, miaka thelathini na mmoja analisema yeye.
Halikutoka.
Nikalisema mimi, kwa lafudhi ya Lindi:
Haya. Nok ofu.

Kile kikombe kisicho mkono ninacho, natilia mswaki.
Jana, povu mdomoni, simu ikaita.
Kikohozi chake kwanza, karatasi ikichakarika,
halafu Kiswahili cha nyuma ya kadi:
Nimekupiga, bata.

Sikumsahihisha.